Waliokuwa Jikoni Siku ya Tathmini

Gervas mwanangu,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: umemaliza ugali wote wa jioni na ukauliza kama kuna ukoko. Yangu utaikuta humu ndani, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kucheka. Naandika kwa sababu sisi wawili tukizungumza mimi hupandisha sauti na wewe huleta utani, na jambo lenyewe linapotea katikati. Sasa hivi umekwenda Mfaranyaki kuagana na wenzako, na mimi nimepata meza bila kelele zako.

Kesho alfajiri unapanda basi la Tunduru. Habari ya chandarua, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya misa Jumapili, sitaiandika. Una miaka ishirini na minne. Kama hayo hujayashika mpaka leo, basi tena, tumeshachelewa. Nina jambo moja tu la kukuambia, nalo linanihusu mimi kuliko wewe.

Wiki mbili zilizopita ulikuja na ile karatasi ya ratiba, ukanisomea vijiji mtakavyopita na timu yenu ya tathmini. Ulikuwa na furaha, mwanangu, hata viatu hukuvua. Ulipofika kijiji cha sita nilikukatiza, nikasema chai inapoa. Chai ilikuwa ya moto kabisa. Kijiji kile nakifahamu. Miaka sita iliyopita nilikwenda pale kufanya kazi hiyohiyo unayokwenda kufanya wewe, ya mradi huohuo, na nikaandika uongo.

Usiruke mistari. Soma.

Unakumbuka nilivyopunguzwa kazini. Nilikuwa afisa maendeleo ya jamii, na serikali ilipoamua kupunguza watu nikapewa barua yangu kama wengine. Ilikuwa miaka ya kupunguza kila kitu. Ushirika ulikuwa hoi, mbolea bei yake haishikiki, mahindi yanakosa mnunuzi huku walanguzi wakiingia vijijini na malori yao na kujipangia watakavyo. Kisha zikaja asasi. Ziliota kama uyoga, kila mtaa una kikundi na kila kikundi kina katiba na mhuri. Wafadhili walitaka wananchi wasimame wenyewe, vikundi vyao viwe na sauti, halmashauri za vijiji ziitishe mikutano na ziandike mihtasari. Sikatai, yalikuwa mambo mazuri na mpaka leo ni mazuri. Mimi nilikuwa nyumbani nauza vitumbua. Nilipoitwa kuwa mmoja wa watu wanne wa kuutathmini mradi, siku hiyohiyo nilikwenda kwa fundi kushona gauni.

Kijiji kilitungoja tangu asubuhi. Tuliimbiwa, tukavishwa mashada, tukaingizwa kwenye darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti akaleta daftari la mihtasari limefunikwa kwa kitambaa kilichodariziwa. Lo, daftari lile! Ajenda, waliohudhuria, yatokanayo, mengineyo, saini mbili chini ya kila ukurasa. Vijiji vingine tulikuwa tunaoneshwa vikaratasi vilivyoliwa na panya. Kiongozi wa timu yetu, mtaalamu aliyetoka Dar, alinikonyeza kana kwamba tumeokota dhahabu.

Mimi ndiye niliyekuwa mwanamke pekee katika timu, kwa hiyo maswali ya wanawake yalikuwa yangu. Nikauliza kama akina mama wanashiriki katika maamuzi ya kijiji.

"Wanashiriki sana, mama," mwenyekiti akasema. "Hata leo wamekuja wote. Majina yao si hayo hapo?"

Majina yalikuwepo. Nikatazama madawati: wanaume watupu, na bibi kizee mmoja aliyesinzia. Nikauliza wenye majina wako wapi. Mwenyekiti akanyoosha kidole dirishani, kwenye moshi uliokuwa unapanda nyuma ya nyumba ya mwalimu.

"Wanawashughulikia ninyi wageni."

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nikaweka alama ya vema kwenye fomu yangu.

Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Mgeni kwetu haondoki na njaa, na wageni wanne wenye gari hawachinjiwi kuku mmoja. Kuanzia saa moja asubuhi akina mama wale walikuwa wanakimbizana na kuku, wanachota maji, wanatwanga, wanakuna nazi iliyoletwa kutoka mjini kwa ajili yetu. Mkutano wa kuuliza kama wana sauti ulifanyika hatua hamsini kutoka walipokuwa, na hakuna aliyeweza kutoka kwenye sufuria. Sisi wenyewe, kwa kufika kwetu, ndio tuliowafungia nje. Mimi niliyezaliwa jikoni, niliyepakua kwenye misiba na harusi tangu nikiwa na miaka tisa, sikuliona.

Nitakuambia kwa nini sikuliona, ingawa naona aibu. Katika nyumba zetu firigisi ni ya baba. Babu yako alikuwa anaweza kununa mpaka jioni kwa firigisi iliyopotea. Siku ile mwenyekiti aliichukua kwa mkono wake, akaiweka kwenye sahani yangu, akasema, "Leo wewe ni mzee wa kijiji." Watu wakapiga makofi. Gervas, niliitafuna taratibu ili wote waione. Tangu nipunguzwe kazini hakuna mtu aliyekuwa ameniheshimu hivyo, na mimi nilikuwa na njaa ya heshima kuliko ya kuku.

Baada ya kula nilikwenda jikoni kushukuru, kama bibi yako alivyonifundisha. Nikawakuta wanakwangua masufuria, wanazungumza Kingoni kwa sauti ya chini. Waliponiona wakanyamaza, isipokuwa mmoja, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu kwa moshi. Anaitwa Mama Gaudensia. Alikuwa katibu wa kikundi chao cha bustani.

"Dada, mkutano umekwisha?"

"Umekwisha."

"Na la bonde limesemwa?"

"Bonde lipi?"

Akawatazama wenzake, kisha akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Basi halikusemwa."

Akanieleza. Kijiji kina bonde dogo lisilokauka. Akina mama wale walikuwa wanalima mpunga wakati wa mvua, na mboga na maharage wakati wa kiangazi, na ndilo lililokuwa linawavusha miezi ya njaa. Mwenyekiti na wenzake wawili walikuwa wamempa tajiri mmoja wa mjini bonde hilo aoteshe vitalu vya tumbaku. Muhtasari ulisema mkutano mkuu wa kijiji uliridhia, wanawake wakiwemo.

"Na ninyi mlikuwa wapi?" nikauliza.

"Hapahapa ulipotukuta. Tajiri alikuja na wageni wake, tukaambiwa tupike. Tunafika kupakua, tunakuta watu wanapiga makofi. Na sisi tukapiga. Tulidhani wanashukuru chakula."

Hakuna aliyecheka. Nikatoa kijidaftari changu, nikaandika kila neno nikiwa nimesimama palepale kwenye majivu. Kiongozi wetu alikuwa anapiga honi.

"Utalifikisha?" akaniuliza.

"Nitalifikisha," nikasema. Kwa kinywa changu mwenyewe.

Ndani ya gari nikalieleza. Kiongozi akanisikiliza vizuri tu, si mtu mbaya, kisha akasema, "Mama, ushahidi ni muhtasari. Maneno ya jikoni hayana saini." Tena akaniambia kwamba kile ndicho kijiji chetu cha mfano, mfadhili anataka mfano, na bila mfano mradi hauongezewi muda, na vijiji arobaini vitakosa. Nikabisha kidogo. Tulipofika mjini nilikuwa nimeshanyamaza. Wiki iliyofuata nikaandika sehemu yangu ya ripoti kwa mwandiko mzuri: wanawake wa kijiji hiki wanashiriki kikamilifu katika maamuzi, ikiwemo matumizi ya ardhi. Hayo ya ardhi niliyaongeza mwenyewe. Hakuna aliyenituma. Nilitaka sentensi ijae.

Kwa miaka nimejiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yako, maana ulikuwa kidato cha tatu na mimi nilihitaji kuitwa tena kazini. Huo nao ni uongo, na leo nauondoa mabegani mwako. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuwa mgeni. Nilipenda kukaa upande wa meza unaopakuliwa.

Akina mama wale hawakulala. Walikwenda wilayani kulalamika, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Huko wakafunguliwa ripoti yetu, wakasomewa sentensi yangu. Wakaambiwa, mwanamke mwenzenu msomi amekuja, ameona kwa macho yake kwamba mlishiriki, sasa mnataka nini tena? Bonde likaenda. Sasa wanalima vibarua kwenye vitalu vya tajiri, kwenye udongo uleule.

Sasa ukumbuke. Kuna siku ulirudi shule ukamkuta mwanamke amesimama mlangoni kwetu, vumbi mpaka magotini. Ukamwamkia, ukamkaribisha kiti akakataa, ukampa maji akanywa akiwa amesimama. Nikakutuma dukani. Uliporudi alikuwa amekwenda, ukaniuliza ni nani, nikakuambia ni mtu anatafuta kibarua. Alikuwa Mama Gaudensia. Nilikuwa nimempakulia wali na maharage. Hakugusa. Mtu wa huku, ametembea tangu usiku, anakiacha chakula mezani, unajua maana yake. Akaniambia neno moja tu: "Dada, umeandika vizuri. Sasa sisi tulime wapi?" Angenitukana ningejua la kujibu, maana kwa matusi unanijua.

Baada ya pale nilidhani nimepata dawa. Nikasema, sitakula tena chakula cha kijiji. Nikapata kazi nyingine ndogo ya kutembelea vikundi, nikawa nabeba mihogo yangu ya kuchemsha kwenye kikapu. Kijiji cha kwanza tu, mzee mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mama, tumeweka sumu?" Akina mama waliopika wakainamisha vichwa. Nikaona nimewatukana walewale niliotaka kuwaheshimu. Kwa hiyo usinikimbilie na masharti, mwanangu. Mimi nimeshajaribu masharti. Chakula kuleni. Ila ukikaribishwa mkutanoni, kabla hujafungua fomu, toka nje. Tafuta moshi uko wapi. Nenda ukaulize wanaopika wangependa mkutano uwe saa ngapi, kisha ungoje saa hiyo, hata kama dereva ananuna na kiongozi anatazama saa yake. Siku moja nilifanya hivyo, mkutano ukaanza saa kumi jioni baada ya vyombo kuoshwa, na tukasikia mambo ambayo mwenyekiti wa kijiji kile alikuwa anayajibu akifuta jasho. Nilifurahi nikataka kuimba. Lakini hakikuwa kijiji cha Mama Gaudensia, na furaha ile haikumrudishia hata tuta moja.

Sasa sikiliza yenye uzito.

Kiongozi wetu wa siku ile ndiye bosi wako mpya. Ulipotaja jina lake ukaniona nimenyanyuka kufunga dirisha. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utaikataa kazi, na pia niliogopa hutaikataa. Mtakapofika kijiji cha sita mtafunguliwa daftari lilelile zuri, na mtakuwa na ripoti ya zamani mkononi inayosema wanawake wanashiriki kikamilifu. Waliokutangulia wawili wameinakili sentensi ile kama ilivyo. Kijana mgeni kazini hawezi kuipinga ripoti iliyoandikwa na mama yake na kusainiwa na bosi wake. Ningekaa kimya ningekuwa nimekurithisha ile sentensi.

Kwa hiyo leo mchana, ulipokuwa unanunua begi, nilikwenda mjini na barua yangu. Nimeandika jina langu kamili, kijiji, mwaka, na kwamba maneno yale kuhusu wanawake na ardhi ni ya uongo na niliyatunga mimi. Nimeambatanisha nakala za kurasa za kijidaftari changu, zile nilizoandika jikoni. Nakala moja nimepeleka wilayani, moja ofisi ya mradi. Karani wa wilaya, kijana wa rika lako, aliisoma akaniuliza, "Mama, una uhakika unataka nigonge mhuri?" Nikamwambia gonga, mwanangu, kabla miguu haijanigeuka. Akagonga.

Sikukuomba ruhusa. Ungenipa ningekuwa nimekushirikisha, ungeninyima ningekuwa nimekuvunjia heshima. Najua inaweza kukugharimu kazi hata kabla hujaianza. Hilo linaniuma, nalisema wazi, limenikosesha usingizi siku kumi. Kaka yangu angesikia angesema nimechanganyikiwa, mtoto anapata kazi ya maana mama anaipiga teke. Aseme. Bosi wako atakuita. Atakuambia mama yako ana kinyongo kwa kuwa hakuitwa tena. Usinitetee. Usinitukane pia, maana bado nakuzidi nguvu. Mwambie umeisoma barua, na kwamba kijiji cha sita mtakwenda na kuuliza upya, basi. Akikurudisha nyumbani, rudi, mlango huu unaujua. Nitakupokea nikiwa nimenyoosha shingo.

Jambo moja bado. Jumapili ile niliyokuaga kwamba nakwenda Hanga kusali, sikwenda Hanga. Nilikwenda kwa Mama Gaudensia. Nilimkuta anapepeta mahindi. Nikapiga magoti, akaniambia inuka, unachafua kitenge. Nikamweleza ninachokusudia kufanya. Aliendelea kupepeta. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwomba aseme. Alisema hivi:

"Hiyo barua ni nzuri. Lakini wakija hao wageni, mwenyekiti ameshatupangia zamu. Kumi na moja wote tunapika. Tutasema saa ngapi?"

Nikamwambia, "Nitapika mimi."

Akaacha kupepeta. "Wewe? Kuku wote wale? Peke yako?"

"Na dada zangu wawili. Tumeshakubaliana."

Ndipo akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akaita wenzake waje wasikie maajabu. Wakanihoji kama polisi: nani atachota maji, nani atasonga, kama najua jiko lao linavuta upande gani. Mmoja akaniuliza kama mikono ya ofisini inaweza kunyonyoa. Nikawaambia waje waone. Tulicheka, Gervas, na nililia humohumo. Kisha Mama Gaudensia akaniletea uji, na yeye akajimiminia wake, tukanywa.

Kwa hiyo siku ya kijiji cha sita, kama bosi wako hajakufukuza, utaingia darasani na utawakuta wote kumi na moja wamekaa madawati ya mbele, mikono mitupu. Mimi utauona moshi wangu tu dirishani. Mwenyekiti akikuambia, "Mama yako yupo, nenda kamwamkie kwanza," usije. Nakukataza. Kaa, fungua daftari, umwangalie Mama Gaudensia usoni na uandike anavyosema. Shikamoo yako nitaipokea baadaye, nikishaosha vyombo.

Mama yako